Ajali Ina Kinga: Mtoto Mdogo na Nyumba ya Tabora



Naanza na neno. "Ajali" tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ya asili ni muda uliokwisha kupangwa, ile siku ya mtu isiyosogezwa mbele wala nyuma. Lilikuja bara na Kiswahili chenyewe, kwa njia ile iliyoanzia Bagamoyo, ikakatiza Ugogo na Mgunda Mkali, ikatua hapa Unyanyembe, Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Sisi tumeligeuza likawa jina la kila kinachoumiza bila mtu kukusudia: gari kupinduka, mtoto kumwagikiwa na uji, mtoto kutumbukia kwenye pipa. Lakini maana ya zamani haikufa. Imo ndani ya msemo tunaousema msibani, tukiwa tumekaa mkekani, kwa sauti ya chini: ajali haina kinga.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, mingi kati ya hiyo wodi ya watoto, na msemo huo nimeusikia kuliko ninavyoweza kuhesabu. Anayeusema anamfariji mama, na sina ugomvi na faraja. Ugomvi wangu ni na kinachofuata. Matanga yanaanuliwa, wageni wanaondoka, na lile pipa linabaki palepale, wazi, mtoto mwingine akianza kutambaa.

Mwanangu wa pili alikunywa mafuta ya taa mwaka 1994. Yalikuwa kwenye chupa ya soda, chini ya meza, na aliyeyaweka pale ni mimi. Alilazwa siku nane, akapona. Jirani yangu alinishika mkono akaniambia ajali haina kinga, nikaitikia, huku moyoni najua kwamba kinga ilikuwepo: ilikuwa rafu ya juu, futi nne kutoka pale nilipoiacha ile chupa. Mhadhara huu nimekuwa nikiubeba tangu siku hiyo.

Sasa nendeni Kwihara, kilomita chache kutoka hapa mjini, lilipo tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwanzoni mwa mwaka 1872. Wageni huonyeshwa mlango wa nakshi na habari za wazungu wawili. Mimi huangalia ukuta. Ni ukuta mnene wa udongo, paa ni bapa, vyumba vimeuzunguka ua, na jengo zima limeipa dunia mgongo. Lilijengwa hivyo kwa sababu. Agosti 1871 mtemi Mirambo aliishambulia Tabora, nyumba zikachomwa moto, tajiri Khamis bin Abdullah akauawa, na Stanley, akiwa Kwihara, akaagiza kuta zitobolewe matundu ya kupitishia mitutu ya bunduki. Vijiji vya Wanyamwezi navyo vilizungushiwa boma la magogo na ua wa minyaa. Usiku kulikuwa na fisi na chui, na usiku na mchana kulikuwa na wapiganaji wa rugaruga na watu waliokamata watu kuwafanya watumwa. Nyumba ya wakati ule ilijibu maswali ya wakati ule. Mtoto aliyetambaa katikati ya tembe alizungukwa na milango, na kila mlango ulifunguka uani, kwa hiyo kila mtu mzima aliyetoka kuchota maji au kupembua mtama alimwona.

Sisemi kwamba zamani ilikuwa salama. Ndui na njaa viliua watoto kwa wingi, na misafarani wanawake walitembea na watoto mgongoni na mizigo kichwani, siku kwa siku, kwenye nchi isiyo na maji. Ninachosema ni kwamba wazee wale, pamoja na imani yao yote katika siku iliyopangwa, walijenga. Walijua adui wao ni nani na atapitia wapi, wakaweka ukuta mahali hapo.

Tena tazameni minyaa. Ule mmea wa vijiti vya kijani uliozuia maadui una utomvu mweupe, na utomvu huo ukimrukia mtoto jichoni unachoma vibaya, hata kioo cha jicho kinaweza kujeruhika. Dawa yake ni maji safi, mengi, kwa muda mrefu, kisha hospitali, wala si maziwa ya mama wala majani ya kutafuna. Nimeutaja mmea huu kwa sababu nauona kama picha ya hali yetu: kilichopandwa kumzuia adui wa nje kinamuumiza aliye ndani. Leo tunaweka nondo madirishani, tunapandikiza vipande vya chupa juu ya ukuta, tunafunga geti kwa kufuli mbili. Mwizi hapiti. Ndoo ya maji iko ndani, chungu cha mboga kiko ndani, dawa ya panya iko ndani.

Hili ni muhimu zaidi sasa kuliko wakati wa bibi zetu, na naomba nilieleze. Katika utafiti wa kitaifa wa 2004/05, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa 2022 walikuwa 43. Hiyo ni kazi ya chanjo, chandarua, dawa mseto, na mama aliyeamka saa kumi usiku kwenda kliniki. Hapa Tabora malaria bado inatutesa, na sitamwambia mtu alegeze chandarua. Lakini kadiri maradhi yanavyopungua, mtoto tuliyemvusha kwenye surua tunampoteza kwenye diaba. Hakuna chanjo ya diaba.

Basi tuanze na maji. Tabora ni nchi ya akiba ya maji. Kiangazi chetu ni kirefu. Wazee walichimba visima, baadaye tukapata mabwawa ya Igombe na Kazima, na sasa bomba la Ziwa Victoria limetufikia. Hata hivyo, mama wa Tabora haamini bomba kwa asilimia mia, na siwezi kumlaumu. Ana pipa, ana madiaba mawili, ana ndoo za lita 20 zimepangwa ukutani. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana kichwa kizito kuliko kiwiliwili chake kinavyoweza kukibeba. Anainama kujiona usoni kwenye maji, kichwa kinamvuta, miguu inainuka, na ndoo iliyojaa haipinduki, kwa sababu ni nzito kumshinda. Mikono yake haina nguvu ya kujisukuma kurudi juu. Kwa mtoto mchanga, maji ya kina cha sentimita 5 kwenye beseni yanatosha.

Na jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: mtoto anayezama halii. Tumezoea kuamini kwamba mtoto akipata shida tutasikia kelele, basi tunapika huku masikio yamesimama. Maji hayatoi kelele. Akinyamaza, ndipo ukimbie.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa hawajafikisha miaka mitano. Tukisikia kufa maji tunafikiria Ziwa Victoria na Tanganyika, mitumbwi na dhoruba. Mtoto wa kutambaa hajui ziwa. Ziwa lake ni pipa la nyuma ya nyumba. Kinga yake haina ufundi mkubwa: mfuniko mzito wenye komeo, ndoo tupu igeuzwe kifudifudi, maji ya kuogea yamwagwe mtoto akiwa bado mkononi mwako, na kisima kiwe na ukuta unaofika kiunoni mwa mtu mzima pamoja na mlango wa mbao au bati juu yake. Fundi uchomeleaji yeyote pale sokoni anaweza kutengeneza mfuniko huo kwa siku moja. Aliyejenga nyumba ya mamilioni akakiacha kisima wazi kwa kukosa fedha ya bati moja, huyo nasema bila kumung'unya maneno kwamba hajamaliza kujenga.

Moto nautaja kwa ufupi kwa kuwa mnaujua. Mafiga yako chini, na mtoto naye yuko chini, wanakutana. Inua jiko lifike kiunoni. Mwambie seremala akutengenezee mlango nusu wa jikoni, ule wa mbao wa kimo cha tumbo, ufungwe kwa komeo la upande wa nje. Chupa ya chai isikae pembezoni mwa meza yenye kitambaa kinachoning'inia, maana mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote kilicho mbele yake akavuta. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia mwaka 2034, nami naufurahia kwa ajili ya vifua vya mama zetu. Ila ule mtungi mdogo wa kilo sita, wenye jiko juu yake, tunauweka sakafuni palepale pa mafiga, na gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa: hutulia chini, mtoto alipo. Uwekeni mtungi mahali mtoto hafiki na hewa inapita. Jiko la mkaa nalo lisilale chumbani na watu, hata Juni baridi ikiuma, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na inaua waliolala.

Akiungua, maji ya kawaida. Yamiminwe kwa dakika 20 kamili, kwa kopo kama hakuna bomba. Dawa ya meno, yai bichi, mafuta ya kupikia, unga, vyote hivyo muuguzi atalazimika kuvikwangua kwenye kidonda huku mtoto akilia.

Hapa kuna mzee ataniambia: mtoto akililia wembe, mpe. Shikamoo, baba. Methali hiyo naiheshimu, na mahali pake napajua. Waliitunga kwa ajili ya mkaidi mwenye akili timamu, kijana aliyeonywa mara tatu akakataa, ili dunia imfunze. Mtoto wa miezi kumi hajaonywa na hawezi kuonywa. Halilii wembe kwa ukaidi. Anataka kuuonja ulimwengu, na mdomo ndio jicho lake. Wembe mnyime.

Mdomo huo ndio unaonileta kwenye sumu. Umeme na taa za jua vimepunguza mafuta ya taa majumbani, namshukuru Mungu. Lakini ile chupa haikuondoka, imebadilisha kilichomo. Leo ni petroli ya bodaboda, iliyonunuliwa barabarani kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ni dawa ya tumbaku huko Urambo, Kaliua na Sikonge, dawa ya pamba huko Igunga na Nzega, imehamishiwa kwenye kidumu kilichokuwa na mafuta ya kula. Ni vile vidonge vya kuhifadhia mahindi, ambavyo vikipata unyevu hutoa hewa yenye kuua. Gunia lililotiwa vidonge hivyo halilazwi chumba kimoja na watu, hata kama wezi wa mahindi ni wengi. Kwa mtoto anayejua kwamba chupa ya soda ina soda na chupa ya maji ina maji, hiyo si ajali. Tumemdanganya, naye akatuamini.

Huko Afrika Kusini watafiti waliwahi kugawa vyombo vya mafuta ya taa vyenye kizibo ambacho mtoto hawezi kukifungua, na katika eneo hilo watoto waliopata sumu ya mafuta ya taa walipungua karibu nusu. Kizibo cha aina hiyo, cha kubonyeza huku ukizungusha, kilianzia Kanada mwaka 1967 kwa juhudi za daktari Henri Breault wa mji wa Windsor, aliyechoka kuwahudumia watoto waliomeza vidonge. Sisi hatuhitaji kumngojea daktari wa Kanada. Tuna rafu, tuna misumari, tuna sanduku na kufuli. Na mtoto akishakunywa mafuta ya taa au petroli, msimtapishe, msimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Madhara makubwa ya mafuta hayo yako mapafuni, na kumtapisha ni kuyapitisha pale mara ya pili. Mchukueni, mchukueni na ile chupa, twendeni hospitali.

Sasa karanga na asali, vitu viwili vyenye jina letu.

Karanga zina historia hapa. Kuanzia 1947 Waingereza walileta matrekta yao Urambo kwa ule mradi mkubwa wa karanga uliokuwa pia Kongwa na Nachingwea, wakashindwa, na mwaka 1951 wakauacha. Mkulima wetu na jembe lake la mkono akaendelea kulima karanga kama kawaida. Tunazila zimechemshwa, zimekaangwa, na tunamtupia mtoto punje mbili tatu anyamaze. Mtoto wa miaka miwili hana magego ya kutosha kuisaga punje. Akicheka au akilia ikiwa mdomoni, anaivuta, inaingia njia ya hewa. Huko ndani inavimba, na mafuta yake huliwasha pafu. Nimepokea watoto waliotibiwa kikohozi wiki tatu, kumbe ni nusu ya karanga. Chini ya miaka minne au mitano, karanga iwe imesagwa na kutiwa kwenye uji au mboga, na hapo ni chakula cha thamani, tafadhali msimnyime. Punje ya mahindi makavu, kipande kigumu cha matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kizibo cha kalamu, vyote ni sheria hiyohiyo.

Akipaliwa na hawezi kukohoa wala kulia, usimtie kidole kooni kupapasa usichokiona. Wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kisha mgeuze, mbonyeze kifua kwa vidole viwili mara 5, urudie mpaka kitoke. Aliyezidi mwaka mpige mgongoni vilevile mara 5, kisha simama nyuma yake umbane tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu, mara 5. Wakati wewe unafanya hivyo, mwingine atafute usafiri. Nitakapomaliza kusema nitawaonyesha kwa mdoli, na naomba asiondoke mtu bila kushika mdoli huo mwenyewe.

Asali ni ngumu zaidi kuizungumzia hapa. Ni fahari ya Tabora. Msitu wa miombo wa Sikonge na Kaliua unatupa asali inayosifiwa Dar es Salaam na nje ya nchi, na bibi anapomlambisha mjukuu wa siku saba kwa kidole chenye asali anampa kilicho bora alichonacho. Bibi, nakuomba usubiri. Asali, hata iliyo safi kabisa, inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo sisi wakubwa tunazipitisha bila habari. Katika utumbo wa mtoto ambaye hajatimiza miezi 12, mbegu hizo zinaweza kuota zikatoa sumu inayolegeza misuli: mtoto anashindwa kunyonya, sauti inafifia, shingo inalegea, mwisho pumzi. Kuichemsha nyumbani hakuziui. Akitimiza mwaka, mlambishe.

Na asali hiyohiyo ina wema ambao wengi hawajausikia. Zile betri bapa ndogo za saa, rimoti na midoli inayoimba, mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kuanza kutoboa umio ndani ya saa 2. Madaktari wa sumu leo wanashauri kwamba aliyetimiza mwaka na anayeweza kumeza apewe vijiko viwili vidogo vya asali kila dakika 10 akiwa njiani kwenda hospitali. Asali haiitoi betri, wala isicheleweshe safari hata dakika moja. Inapunguza kuungua wakati gari linakimbia.

Yote niliyoyasema yanamdai mtu mmoja, yule anayemtazama mtoto. Na katika nyumba zetu mtu huyo mara nyingi ni dada wa miaka minane. Mama yuko kwenye tumbaku, baba yuko kwenye tumbaku, na mtoto analea mtoto. Simlaumu mama, shamba halingoji. Lakini ule ua wa tembe, ambamo mtoto alionekana kutoka kila mlango, tumeuvunja na hatujaweka kitu mahali pake. Vijijini Bangladesh, ambako madimbwi yako nyuma ya kila nyumba, walianzisha vituo ambavyo mama mmoja wa kijiji na msaidizi wake hukusanya watoto wadogo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, saa zilezile ambazo wazazi wana kazi nyingi. Kwa watoto waliohudhuria, vifo vya maji vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mwamvuli wa jambo kama hilo tunao: Desemba 2021 serikali yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na ulinzi na usalama ni mojawapo ya nguzo zake. Kinachokosekana ni banda, mkeka, na mama wawili wanaoaminika katika kila kitongoji wakati wa msimu wa kilimo. Vyama vya msingi vya tumbaku vinakata makato kwa mambo mengi. Viongozi wa vyama mliopo hapa, hili nalo liingizeni kwenye ajenda ya mkutano mkuu.

Namalizia nje ya nyumba, hatua chache tu. Kila mtaa unaokua pembezoni mwa mji huu una mashimo ya kufyatulia matofali. Udongo umekuwa nyumba, shimo limebaki shimo. Kiangazi watoto wanacheza mpira ndani yake na kuyajua vizuri, na masika wanarudi palepale, maji yakiwa ya rangi ya udongo na kina hakionekani. Wenyeviti wa mitaa, naomba mwenye tofali aambiwe kwamba kufukia ni sehemu ya kazi yake, na asiyefukia azungushie miba. Mvua zetu huanza Novemba.

Nileteeni ule mdoli.